Kusi, kaskazi na rutuba ya bahari yetu

Dhana: Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ikivuma kwa nguvu, maji ya mwambao wa Tanzania na Kenya hupata rutuba.

Hoja yenyewe haikosi msingi. Upepo mkali hukoroga bahari, na huko Somalia kusi huleta rutuba kwelikweli: karibu na Ras Hafun, rasi ya kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, kati ya Juni na Septemba, joto la maji ya juu hushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa sababu maji baridi yamepanda kutoka kilindini, yakiwa yamejaa virutubisho kama naitreti na fosfeti. Planktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, hustawi hapo.

Kwetu ni kinyume. Dunia inazunguka, kwa hiyo maji ya juu hayafuati upepo moja kwa moja: kaskazini mwa ikweta huenda kulia kwa upepo, kusini mwake kushoto. Mpelelezi wa Norwei Fridtjof Nansen aliona barafu ya Aktiki, bahari ya ncha ya kaskazini, ikisogea hivyo miaka ya 1890 alipokuwa kwenye meli ya Fram, na mwaka 1905 mwanasayansi wa Uswidi Vagn Walfrid Ekman akalieleza jambo hilo kwa hesabu. Sasa simama ufukweni Tanga, kusi ikupige mgongoni. Kushoto kwako ni nchi kavu. Maji ya juu husukumwa huko, hurundikana, kisha huzama, na yale yenye virutubisho hubaki chini, mbali na jua. Ukisimama hivyohivyo kaskazini mwa Somalia, kulia kwako ni bahari kuu: maji ya juu huondoka na ya chini hupanda kuziba pengo. Upepo ni uleule. Mimi naona hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika bahari yetu, na inasikitisha kwamba watoto wa pwani hawafundishwi.

Dhana: Upepo ukigeuka, mkondo nao hugeuka.

Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi hukimbia, pengine hadi mita 2 kwa sekunde. Kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, huupunguza mwendo tu. Ndiyo maana kaskazi ikivuma dhidi yake mawimbi huwa mafupi na yenye mwinuko mkali. Unaogeuka ni mkondo wa Somalia. Wakati wa kaskazi hushuka kusini, hukutana na wa kwetu mbele ya Kenya ya kaskazini, na yote miwili huelekea mashariki.

Dhana: Maji ya buluu maangavu ndiyo yenye uhai mwingi.

Uangavu ni dalili ya planktoni chache. Mlango wa bahari wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita, una buluu ya kupendeza na chakula kidogo. Kamba wengi huvuliwa kwenye maji ya tope karibu na delta ya Rufiji, ambako rutuba huletwa na mto.

Dhana: Planktoni ni chakula cha dagaa tu.

Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hula vijikamba vidogo mno katika ghuba ya Kilindoni, Mafia. Huonekana kuanzia Oktoba hadi Machi, na wengi huamini kwamba kusi ikiingia wanahama. Watafiti waliowafunga vifaa vya kutoa ishara waligundua kwamba wengi hubaki palepale Mafia, ila husogea kidogo kwenye kina na hawaji juu tukawaona.