"Misalaba Mitatu" ya Rembrandt: bamba moja, picha mbili

Ukiwekewa mezani chapa mbili za "Misalaba Mitatu", yaani picha zilizokandamizwa kwenye karatasi kutoka bamba lililopakwa wino, moja ya mwanzo na moja ya baadaye, unaweza kukataa katakata kwamba zimetoka kwenye bamba moja la shaba. Zimetoka humo humo. Wengi huuliza ipi kati yake ndiyo kazi halisi ya Rembrandt. Zote mbili ni halisi, na sababu imo katika shaba yenyewe.

Rembrandt van Rijn, msanii wa Kiholanzi, alilichora bamba hilo Amsterdam mwaka 1653. Upana wake ni takriban sentimita 45, kimo 38 na ushei. Chapa zake nyingi alizitengeneza kwa tindikali inayokula shaba, lakini hapa alikwaruza bamba moja kwa moja kwa sindano ngumu ya chuma. Sindano ikipita, shaba hutifuka na kuinuka kandokando ya mstari, kama udongo kando ya mtaro uliopigwa jembe. Wino hunasa kwenye vituta hivyo, na karatasi ikikandamizwa, mstari hutoka mzito, mweusi, laini kama bakhameli. Lakini kila karatasi inayopita huvilaza vituta kidogo. Baada ya nakala chache weusi ule huanza kufifia, ndiyo maana chapa za mwanzo zina thamani kubwa. Baadhi alizichapa kwenye ngozi ya ndama iliyolainishwa badala ya karatasi, wino ukatulia juu yake kwa namna ya pekee.

Tukio ni lile la Luka 23: giza kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa. Katika chapa za mwanzo, nuru inamiminika kutoka juu hadi kwa Yesu na watu walio chini yake, na akida wa Kirumi, aliyekiri kwamba huyu alikuwa mwenye haki, amepiga magoti mbele ya msalaba. Utamwona vizuri. Mbele kabisa watu wanaondoka, wameinama.

Baadaye, bamba likiwa limechakaa, Rembrandt alilirudia. Wangapi wangethubutu? Alikwangua na kusugua hadi watu wengi wakapotea, kisha akashusha mistari mirefu iliyonyooka, ya kikatili karibu, ikafunika pande zote mbili. Nuru imebaki finyu katikati. Kwangu, hapo ndipo alipoifikia saa tisa yenyewe. Chapa ya mwanzo inakusimulia lililotokea. Hii ya pili inakuweka gizani pamoja na waliokuwepo.

Ukipata nafasi ya kuitazama, iwe katika makumbusho ya Rijksmuseum kule Amsterdam au British Museum kule London, au kwenye picha zao za mtandaoni, anza upande wa kushoto wa msalaba wa Yesu. Tafuta mpanda farasi mwenye kofia ndefu, umbo ambalo Rembrandt alilichukua kwenye medali ya Pisanello, msanii wa Kiitalia wa karne ya 15. Ukimkuta, unatazama bamba lililorudiwa.