Rikta ngapi? Tuelewane kwanza kabla ya kubishana

Tetemeko la ardhi likipita kidogo tu hapa Kigoma, magrupu yanajaa: rikta ngapi, yaani ukubwa wake ni namba gani? Wa Mwanga hapa mjini anasema lilikuwa kubwa, wa Ujiji anasema dogo, wa Tabora anasema hajasikia kitu, basi wanaanza kuitana waongo.

"Kwetu ilikuwa 6, kwenu 4." Hapana jamani. Tetemeko moja lina ukubwa mmoja tu hata ulisikilizie wapi, maana namba hiyo inapima nguvu iliyotoka kule chini miamba ilipoteleza. Kinachobadilika ni ukali wa mtikisiko pale ulipo wewe, na huo una kipimo chake, cha Mercalli, namba za Kirumi I mpaka XII, kinaangalia kama watu wameamka, kuta zimepasuka au nyumba zimelala. Hapo ndo umbali, kina lilipoanzia, udongo na tofali zako vinaingia. La Ziwa Tanganyika Desemba 2005 lilikuwa 6.8, la Kagera Septemba 2016 lilikuwa 5.9, yaani la ziwani lilitoa nishati zaidi ya mara 20, lakini nyumba nyingi zaidi zilianguka Kagera. Namba kubwa siyo lazima hasara kubwa.

Na msidhani kutoka 5 kwenda 6 ni kahatua kadogo, nishati inaongezeka kama mara 32 hivi.

"Rikta zinaishia 10." Hakuna aliyeweka kikomo hicho, ila kubwa kuliko yote lililowahi kupimwa ni la Chile mwaka 1960, 9.5. Halafu kipimo chenyewe cha Richter, cha mwaka 1935, wataalamu hawakitumii tena kwa matetemeko makubwa, jina tu ndo limeganda mdomoni kwetu.

"Kitovu ndo lilipoanzia." Karibu, ila bado. Lilipoanzia ni chini, pengine kilomita kadhaa au makumi, kitovu ni sehemu ya juu ya ardhi iliyo wima juu ya hapo. Kwa hiyo kitovu kikitajwa ziwani, siyo maji yamechafuka, ni Bonde la Ufa, tawi la magharibi, linaendelea kutanuka chini ya ziwa. Tabora wako mbali na ufa huo, juu ya miamba ya kale iliyotulia.

Mwisho hili la "limepita dogo, hilo ni la utangulizi, kubwa laja saa nane usiku". Tetemeko linaitwa la utangulizi baada ya kubwa kuja, kabla ya hapo hakuna chombo kinacholitofautisha na mengine, na saa ya kubwa hakuna anayeijua, hata huyo aliyekutumia voisi.