Kula Wakati wa Sikukuu na Safarini: Maswali na Majibu

Swali: Jioni kuna karamu. Je, ni vizuri nishinde njaa ili nije nile vizuri?

Hapana, na hili ndilo kosa ambalo ningependa watu waliache kabla ya mengine yote. Ukishiba, tumbo huchukua kama dakika 20 kuupa ubongo habari hiyo. Aliyeshinda na njaa hula upesi, na habari ikifika huwa ameshamaliza sahani ya pili. Kunywa chai yako ya asubuhi na ule mchana kama siku nyingine, ila kwa kiasi kidogo. Ukifika kwenye karamu, pitisha macho kwanza kwenye vyote vilivyoandaliwa, kisha pakua unavyovipenda kweli. Vile unavyokula kila wiki hata nyumbani viache. Mboga zichukue nusu ya sahani. Ukimaliza, kaa, zungumza na ndugu zako, ndipo uamue kama bado una njaa.

Swali: Mwenyeji akisisitiza niongeze?

Pakua kidogo tangu mwanzo, ili ukiongezwa isikudhuru. Au mwombe akufungie ukale kesho. Hapo hutakuwa umemvunjia heshima.

Swali: Na vinywaji?

Vinasahaulika kwa sababu havitafunwi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na kopo moja la soda la mililita 330 lina kama gramu 35. Kopo mbili tu, umeshavuka. Pombe nayo ina kalori 7 kwa kila gramu, wakati sukari ina 4. Weka maji karibu yako, na kila ukimaliza glasi ya kitu kitamu, inayofuata iwe ya maji.

Swali: Kiporo cha sikukuu kinafaa kuliwa kwa muda gani?

Kiporo kinaweza kumuumiza mtu, kwa hiyo nitakawia hapa kidogo. Bakteria huzaliana haraka chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, yaani kikiwa vuguvugu juu ya meza huku wageni wakiingia na kutoka. Kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kama joto la hewa limepita nyuzi 32, saa moja inatosha. Kigawe kwenye vyombo vifupi kipoe upesi, kisha kiingie kwenye friji na kiliwe ndani ya siku tatu.

Wengi husema, "Nitakipasha moto, wadudu watakufa." Bakteria watakufa, lakini wapo wanaoacha sumu ambayo moto hauiondoi. Wali ni mfano mzuri: mbegu za bakteria mmoja hustahimili kuchemshwa, huamka wali ukiachwa nje, kisha hutoa sumu inayomtapisha mtu hata kama wali umepashwa ukatoa mvuke. Wali uliolala mezani utupwe, hata kama haunuki.

Swali: Nina kisukari na nina safari ndefu. Nijiandae vipi?

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Insulini isiwekwe kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege, maana inaweza kuganda, wala isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Beba chakula chako, kwa sababu gari likichelewa sukari inaweza kushuka. Ukihisi kutetemeka, jasho jembamba au kuchanganyikiwa, kunywa maji yaliyokorogwa vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, kisha ule. Kipimo cha dawa usikibadilishe kwa kukisia. Zungumza na daktari wako kabla ya safari.

Swali: Nikianza kuhara njiani?

Kunywa maji yenye chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, zile pakiti za dukani. Usipozipata, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au mtoto analegea na hakojoi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kabla hayajafika huko: kula kilichopikwa sasa hivi kikiwa cha moto, tunda limenye mwenyewe, na barafu iache kama hujui imetengenezwa kwa maji gani.

Swali: Mizani inaonyesha nimeongezeka kilo mbili kwa siku tatu. Ni mafuta?

Mara nyingi ni maji, kwa sababu chumvi nyingi huyazuia mwilini, pamoja na chakula ambacho bado kiko tumboni. Rudi kwenye mlo wako wa kawaida na utembee, yatapungua. Lakini kama una ugonjwa wa moyo, na hasa kama miguu imevimba au unahema ukilala chali, usisubiri sikukuu iishe. Wapigie wanaokutibu leo.