Karantini si kifungo, wala si lazima iwe siku arobaini

Kila Ebola inapozuka Uganda, kama ilivyokuwa Septemba 2022 na tena Januari 2025, simu za ofisi yetu hapa Kisumu hujaa swali moja: "Daktari, kwani mtatufungia siku arobaini?" Busia, mpakani na Uganda, si mbali, hofu hiyo tunaielewa.

Neno karantini lilianzia bandarini. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru wasafiri kutoka sehemu zenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Venice ikafanya 40, na kwa lugha yao arobaini ni quaranta. Jina likabaki, siku zikabadilika. Sasa tunafuata muda ambao ugonjwa huweza kujificha mwilini kabla ya dalili: Ebola ni siku 21, Korona ilikuwa 14. Arobaini ni za mwizi.

Hesabu huanza siku uliyokutana na mgonjwa mara ya mwisho, si siku afisa alipobisha hodi. Ulikutana naye tarehe 3, tukakufikia tarehe 7: siku nne umeshazimaliza, na tarehe 24 unatoka. Joto la mwili hupimwa asubuhi na jioni. Ukikutana tena na mgonjwa, tunaanza upya, hata kama ilibaki siku moja.

Na anayewekwa karantini hajaugua. Anayeugua hutengwa wodini. Tumelisema hili hadi koo limekauka, lakini mtu akirudi nyumbani bado majirani wanamkwepa.

Ukikosa mahali salama pa kukaa, kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kinaruhusu uhamishiwe kwingine, lakini kwa cheti cha afisa wa tiba na amri ya hakimu. Kifungu cha 28 kinamhusu mgonjwa anayejipeleka makusudi penye watu bila kujikinga: faini isiyozidi shilingi 30,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walipelekwa gereza la Kapsabet kwa amri ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu cha 27 hakiruhusu kumtenga mgonjwa gerezani. Kwa hivyo anayewaambia kwamba karantini ni kupelekwa gereza la Kodiaga hapa Kisumu anawatisha bure.