Kutoa misaada kifamilia: mzee azungumze mwisho

Familia ikisema inataka kuwashirikisha vijana katika kutoa misaada, mara nyingi wazee wameshaamua na vijana wanaitwa kupiga makofi. Kijana wa miaka 15 huling'amua hilo upesi, na kikao kijacho ana udhuru. Kwa hiyo mimi sianzi na mafunzo wala nasaha. Naanza na fungu: nani ana kauli ya mwisho, na juu ya kiasi gani?

Gawa fedha za mwaka kabla ya kikao. Mgawanyo ninaoupendekeza ni 70, 20 na 10: asilimia 70 iamuliwe na wote, 20 na kizazi cha kati, 10 na walio chini ya miaka 25. Hiyo 10 mzee yeyote asiipigie kura ya turufu. Wazee waweke mipaka mapema, kwa maandishi: shirika liwe limesajiliwa, lisiwe na ndugu kwenye uongozi, na ombi moja lisizidi nusu ya fungu. Ombi likiwa ndani ya mipaka, lilipwe hata kama babu anaona ni upuuzi. Uamuzi wa vijana ukitenguliwa mara moja tu, hilo fungu limekuwa la maonyesho, na kila mtu anajua.

Kikao chenyewe kisizidi dakika 90, na maombi yasizidi 6. Wiki 2 kabla, kila ombi lifupishwe katika ukurasa mmoja: nani watanufaika na ni wangapi, fedha zitanunua nini, na kazi itaendeleaje zikiisha. Swali hili la mwisho ndilo huchuja maombi mengi. Watoto wa miaka 9 hadi 13 wanaweza kabisa kuusoma ukurasa huo na kuuliza; wadogo zaidi wape mambo 2 wachague moja, yatosha.

Upigaji kura ndipo mambo huharibika. Mpe kila mtu kete 10 azigawe kwenye maombi apendavyo, zisizidi 5 kwa ombi moja. Kete zikiwekwa mezani hadharani, wajukuu watatazama mkono wa bibi kisha waige. Tumia bahasha, moja kwa kila ombi, zipitishwe chini ya meza au chumba cha pili. Mjadala uanze na mdogo kuliko wote na umalizike kwa mkubwa. Utaratibu huu huwaudhi wazee mwanzoni, sifichi, lakini mzee akishatamka la kwake hakuna tena mjadala, kuna kuitikia tu.

Wakwe wapige kura au wasipige? Kubalianeni siku ya kwanza, maana suala hili likisubiri mpaka pawe na ugomvi huwa limeshakuwa la jina la mtu. Mimi huwaingiza: watoto husikia nyumbani maoni ya mzazi aliyeachwa nje, tena kwa uchungu.

Jambo jingine la kuandikwa mapema ni ukomo wa mfuko. Julius Rosenwald, mfanyabiashara wa Marekani, aliagiza mfuko wake utumike wote ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Alifariki 1932, na mfuko ukafungwa 1948. Si lazima kumfuata, ila mkitaka mfuko udumu, matumizi ya mwaka yaoane na mapato yake. Vinginevyo wajukuu watarithi vikao visivyo na fedha.

Chagueni pia katibu, nafasi izunguke kila mwaka na iwahi kumfikia kijana. Muhtasari uandikwe siku hiyohiyo: kiasi, sababu, na nani alipinga. Jina la aliyepinga lina kazi yake. Miezi 12 baadaye ripoti ya shirika ikija, yeye ndiye akabidhiwe aisome na kuwaeleza wenzake. Mpinzani huuliza risiti ambazo waliounga mkono wangezipita.