Kanuni ya kuzuia haizuii kwa kuwepo tu

Kuna imani ya miaka mingi kwamba ukishaandika kanuni ya "zuia" kwenye ukuta wa moto (firewall, kinga inayochuja data inayoingia na kutoka), trafiki hiyo imezuiwa, popote kanuni ilipokaa kwenye orodha. Sivyo.

Chukua iptables, ukuta wa moto wa Linux. Pakiti, yaani kipande cha data, ikifika, hulinganishwa na kanuni ya kwanza, kisha ya pili, hivyo hivyo kushuka chini. Ikikutana na kanuni inayoihusu na inayotoa uamuzi wa kuipitisha au kuitupa, safari imeishia hapo, zilizobaki hazisomwi. Sasa tuseme kanuni ya 3 inaruhusu mtandao wote wa 10.0.0.0/8, yaani anwani zote zinazoanza na 10, halafu ya 9 inaikataza kompyuta 10.0.0.25 kutumia poti 23, yaani Telnet, huduma ya kuingia kompyuta nyingine kwa mbali inayosafirisha nywila wazi wazi. Ile ya 9 ipo, imeandikwa sawasawa, na haitafikiwa hata siku moja. Tazama kaunta yake, yaani hesabu ya pakiti zilizolingana nayo, kwa amri iptables -L -v -n: sifuri. Mimi hukagua sifuri hizo kwanza. Nyingine humaanisha tu kwamba hakuna aliyejaribu, kwa hiyo jaribu mwenyewe kutoka kompyuta hiyo. Ukipita, ipandishe kanuni juu ya ile pana.

Wala si kila ukuta una mtindo huo. PF, ukuta wa mfumo wa OpenBSD, hufuata kanuni ya mwisho iliyolingana, isipokuwa ile yenye neno quick. Ukuta wa Windows kwa kawaida huipa kanuni ya kuzuia nguvu kuliko ya kuruhusu, bila kujali mpangilio. Anayehama mfumo asinakili orodha yake jinsi ilivyo.