Kabla hujaomba uzamili wa famakolojia, ijue dawa moja hadi mwisho

Wafamasia vijana wanaokuja hapa Bagamoyo kwa intanishipu huanza na swali la chuo: niende Muhimbili, Makerere au Cape Town? Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Chuo kitafute baadaye. Kwanza chagua dawa moja unayoitoa dirishani kila siku, uifuate tangu inapomezwa mpaka inapotoka mwilini, ukijiuliza kila inapopita imefanyiwa nini na yenyewe imefanya nini. Mtu anayeweza kufanya hivyo kwa dawa moja tu ameshaanza kufikiri kama mwanafamakolojia, yaani mtu anayechunguza dawa inafanya nini mwilini na mwili unaifanyia nini, hata kama hajasajiliwa popote.

Chukua dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo sote tumeigawa mpaka tumezoea. Kila kidonge kina miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini. Mtu mzima anameza vidonge vinne kwa mara moja, mara sita ndani ya siku tatu. Dozi ya pili inakuja saa nane baada ya ya kwanza, na zinazofuata ni asubuhi na jioni. Mfamasia mzuri anayajua haya na anamweleza mgonjwa vizuri. Famakolojia inaanza pale unapouliza sababu. Kwa nini dawa mbili? Artemeta inafyeka vimelea kwa kasi, lakini ndani ya saa chache imekwisha kwenye damu. Lumefantrini inakaa siku kadhaa, na ndiyo inayomalizia vimelea vilivyobaki. Kwa hiyo watafiti hupenda kupima lumefantrini siku ya saba: kiwango chake siku hiyo kinasaidia kutabiri kama malaria itarudi au haitarudi.

Sasa njoo kwenye chakula. Lumefantrini haipendi maji, inapenda mafuta. Watu wenye afya walipoimeza na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kilichoingia mwilini kilipanda mara kumi na sita hivi kuliko walipoimeza tumbo likiwa tupu. Mama anaambiwa ampe mtoto dawa baada ya kula, naye mtoto mwenye homa hataki hata kuona sahani. Je, tumwache? Hapana. Utafiti mmoja ulionyesha kwamba maziwa kidogo ya soya, yenye mafuta ya gramu 1 na pointi 2 hivi, yalitosha kufikisha karibu asilimia 90 ya ufyonzwaji wa juu kabisa. Maana yake ni kwamba uji wenye maziwa au vijiko vichache vya wali wa nazi ni sehemu ya tiba, na anayetoa dawa aseme hivyo kwa kinywa chake. Nalisisitiza hili kwa sababu ni elimu ya kiwango cha uzamili inayoweza kutumika leo hii kwenye duka la dawa muhimu kule Kiwangwa.

Endelea kuifuata. Ini linaivunja lumefantrini kwa vimeng'enya vilevile vinavyochochewa na dawa nyingine. Efavirenzi, iliyotumiwa miaka mingi kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, inapunguza lumefantrini kwenye damu. Rifampisini ya kifua kikuu nayo ina nguvu hizo, na ndiyo sababu mgonjwa anayetumia dolutegraviri, dawa nyingine ya virusi vya UKIMWI, pamoja na rifampisini hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Halafu kuna tofauti za kurithi: wapo watu ambao ini lao huvunja efavirenzi polepole, kwa hiyo dozi ileile inawajaa mwilini, na aina hiyo ya jeni ni ya kawaida kwetu Afrika. Watoto wadogo wenye utapiamlo na wajawazito huonekana na lumefantrini kidogo kuliko wengine, ingawa wamemeza kama ilivyoandikwa. Kila sentensi hapo ni mada ya tasnifu.

Ukishafika hapo utakutana na hesabu, na hapa ndipo wengi huchoka. Niseme wazi: famakolojia ya leo ni somo la hesabu. Lazima uelewe kwamba dawa inayotolewa kwa vipindi sawa huchukua takriban mara tano ya muda wake wa kupungua hadi nusu kabla ya kiwango kutulia. Uelewe pia kwamba wastani wa kiwango hicho unaamuliwa na dozi na kasi ya mwili kuisafisha dawa, na kwamba ukubwa wa dozi ya kwanza unategemea jinsi dawa inavyosambaa mwilini. Jifunze R, ni programu ya bure ya takwimu. Takwimu za kuchora mkondo wa dawa kwenye damu unaweza kuzifanya jioni nyumbani kwa kompyuta ya kawaida. Baadaye utakutana na programu kama NONMEM, ambazo hukadiria mwenendo wa dawa kwa kundi zima hata kama kila mtoto ametoa sampuli mbili au tatu tu. Uwezo huo una thamani kubwa kwetu, maana huwezi kumchoma mtoto wa miaka miwili kila saa, wala mama yake hatakubali, naye ana haki.

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kujiandaa, na sisemi hivi kwa sababu naishi hapa. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo cha majaribio ya dawa na chanjo katika mji huu. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S lilifanyika hapa na Korogwe kuanzia mwaka 2009, likiwa sehemu ya vituo 11 katika nchi saba. Chanjo ya R21 nayo ilijaribiwa hapa kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza mwaka 2023. Wilaya hii pia imewahi kupima kama ALu ya siku sita, ikiongezewa dozi moja ndogo ya primakwini, dawa nyingine ya malaria, ni salama na inafanya kazi. Majaribio ya namna hii yanahitaji mfamasia wa utafiti: anayetunza dawa kwenye joto linalotakiwa, anayeandika kila chupa iliyoingia na kutoka, na ambaye mara nyingi ndiye anayejua nani kapewa nini huku madaktari wakifichwa jambo hilo. Kazi hiyo haina sifa nyingi, lakini mwaka mmoja ndani yake unakufundisha nidhamu ya kumbukumbu kuliko darasa lolote. Ikitangazwa nafasi, omba. Nashauri kabisa mtu asitoke kwenye intanishipu akaingia moja kwa moja kwenye uzamili. Akae kwanza karibu na wagonjwa au maabara, aone maswali yanatoka wapi.

Kama huna nafasi ya namna hiyo, kuna fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, ya TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba nchini. Hospitali nyingi zinazo na wachache wanazijaza. Mgonjwa akija na upele baada ya kumeza antibiotiki ya kotrimoksazoli, andika: dozi, tarehe ya kuanza, tarehe ya dalili, dawa nyingine anazotumia pamoja na za miti shamba. Uliza hasa kuhusu miti shamba, bila kumkaripia, kwa sababu mwarobaini na mlonge vinachemshwa majumbani kila siku na mtu aliyewahi kukaripiwa hasemi tena. Kufikiri kama dalili imesababishwa na dawa au na ugonjwa wenyewe ni kazi ya famakolojia.

Kuhusu chuo, sina mengi. Daktari anaweza kupita njia ya famakolojia ya kliniki. Mfamasia anaingia humo humo au anaelekea kwenye udhibiti wa ubora. Anayevutiwa na mimea aangalie Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili. Ajira zipo TMDA kwenye tathmini ya dawa na vibali vya majaribio, zipo kwenye taasisi za utafiti, vyuoni na viwandani. Hazimiminiki, ila anayejua dawa na hesabu kwa pamoja hutafutwa.

Jambo linalostahili muda wako ni msimamizi na swali. Mwandikie ukiwa na swali moja dogo, kwa mfano: wagonjwa wa malaria wanaotumia pia dawa za kifua kikuu katika wilaya fulani wanafikisha kiwango gani cha lumefantrini siku ya saba? Usimwandikie kwamba unapenda utafiti wa malaria. Kila mtu anapenda. Panga muda wa vibali kwa uangalifu: kamati ya maadili ya chuo, kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, pale inapohitajika, TMDA kama unajaribu dawa, na makubaliano ya kusafirisha sampuli kama zinatoka nje ya nchi. Vibali hivi vinaweza kula nusu ya muda wako wa utafiti, na mwanafunzi anayeanza kuviandalia andiko mwaka wa kwanza humaliza kwa utulivu.

Kabla ya yote hayo, muulize msimamizi nani atapima dawa kwenye damu, kwa mashine gani, na kwa fedha za nani. Sampuli zinajaa kwenye friji za nyuzi 80 chini ya sifuri kwa sababu swali hili liliachwa kwa baadaye. Watu walinyoosha mikono yao wakitumaini damu ile itajibu kitu. Akikujibu kwamba mashine ipo ila vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, havina bajeti, badilisha swali lako kabla hujachukua damu ya mtu hata mmoja.